Bamba la elektrodi 62: tathmini ya elektropalatografia kwa matamshi baada ya kaakaa kushonwa

Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa ameshonwa, kidonda kimepona, maji hayamtoki tena puani, lakini "tatu" yake bado ina walakini. Msikilizaji mmoja anaandika t, wa pili anaapa kuwa amesikia k, wa tatu anaacha nafasi wazi. Elektropalatografia ilibuniwa kumaliza ubishi wa namna hii. Kwa kazi ya kuonyesha ulimi unagusa wapi kwenye kaakaa gumu, na kwa muda gani, hatujaona kifaa kinachoishinda. Tatizo ni kwamba wengi wanaoinunua wanataka iwajibu maswali mengine kabisa, halafu wanaiweka kabatini.

Tunaoupima hapa ni mfumo wa mtindo wa Reading, uliopewa jina la Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza, kwa kuwa ndio uliotumika katika utafiti mwingi wa matamshi ya watu waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa. Una bamba jembamba la akriliki linalotengenezwa kwa kipimo cha kinywa cha mtu mmoja, lenye elektrodi 62 katika safu 8: safu ya mbele ina 6, zilizobaki zina 8 kila moja. Nyaya nyembamba hutoka kwenye kona za mdomo hadi kwenye kisanduku kidogo kinachovaliwa shingoni, na kutoka hapo hadi kompyuta. Mhusika hushika mkononi kipande cha chuma kinachompitishia mkondo dhaifu wa umeme asioweza kuuhisi. Ulimi ukigusa elektrodi, mzunguko hufungwa na nukta moja huwaka kwenye skrini. Picha hupigwa mara 100 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 10, sambamba na sauti.

Ipo mifumo mingine. Rion ya Japani ilikuwa na elektrodi 63, Kay Palatometer ya Marekani 96, na SmartPalate ina 124. Usidanganywe na wingi. Kinachofanya mfumo wa Reading udumu ni kwamba safu zake hupangwa kwa kufuata alama za kinywa chenyewe: safu ya kwanza nyuma tu ya meno ya mbele, ya nane kwenye mpaka wa kaakaa gumu na kaakaa laini, na nafasi kati ya safu nne za mbele ni nusu ya ile ya safu nne za nyuma. Kwa hiyo safu ya 2 ya mtoto mdogo na safu ya 2 ya mtu mzima zinazungumzia mahali pamoja. Mpangilio huo unasongamanisha elektrodi kwenye ufizi kwa makusudi, maana t, d, n, s, z na l zote zinagombania eneo hilo dogo.

Ila kwenye kaakaa lililoshonwa, hapo ndipo mashaka ya kwanza yanapoanzia. Alama ambazo fundi huzitegemea huenda hazipo. Jino la pembeni mwa yale mawili ya mbele mara nyingi limekosekana au limeota upande, makunyanzi ya ufizi yamevurugwa na kovu, na taya la juu limebana upande wa mpasuko. Taya likibana, elektrodi 8 za safu hujipanga kwenye upana mdogo, na ulimi uleule unawasha nukta nyingi zaidi bila kosa lolote la matamshi. Kabla ya kusema "huyu anagusa kupita kiasi", tazama kielelezo chake cha plasta (nakala ya kinywa iliyotengenezwa kutokana na kipimo), si skrini peke yake. Fundi naye aandike kwenye fomu alikoweka safu ya kwanza na kwa nini. Mtengenezaji asiyekuwa na fomu ya namna hiyo, muulize.

Kuchukua kipimo cha kinywa ni kazi ya daktari wa meno, na kwa wagonjwa hawa ina hatari yake. Kama kuna tundu lililobaki kwenye kaakaa, alginati laini, ile rojo ya kuchukulia kipimo, huweza kupenya humo, ikaganda upande wa pua na kukatika wakati wa kuvuta. Tundu huzibwa kwanza kwa kipande cha shashi kilichopakwa vaselini na kufungwa uzi mrefu unaobaki nje. Mtoto akae wima, kichwa kiiname mbele kidogo, na trei ijazwe kiasi upande wa nyuma. Kielelezo kifike hadi nyuma ya mpaka wa kaakaa laini. Kikikatwa mapema, safu ya 8 itawekwa kwa kukisia na k zote zitapotea.

Bamba lenyewe huning'inia kwenye vishikio vya waya vinavyobana magego ya juu. Likicheza hata kidogo, mtoto atalishikilia kwa ulimi, na utakachorekodi ni juhudi ya kushika bamba. Jaribu kwa kumwambia afungue kinywa wazi na kukohoa: bamba lisitikisike. Nyaya zipite nyuma ya jino la mwisho na kutokea mashavuni. Zikipita juu ya jino hutafunwa, na waya ukikatika hapo hautengenezeki kirahisi. Sehemu hiyo ndiyo inayoharibika kwanza katika karibu kila bamba. Mabamba mapya yanayofunika meno na kutumia saketi nyembamba inayojikunja yanapunguza unene, na wengine huyazoea upesi, lakini kwa mtoto mwenye meno yaliyopandana huwa na shida kukaa sawasawa.

Mazoea ya kuvaa yasifanyiwe haraka. Bamba huvaliwa kwa siku kadhaa kabla, kuanzia dakika 10 na kuongeza hadi saa 1 au 2, huku mtoto akiongea na kusoma kwa sauti. Mate huwa mengi mwanzoni, kisha hupungua. Siku ya kurekodi livaliwe mapema, si dakika tano kabla. Halafu rekodi ambayo wengi huiruka: maneno yaleyale, sauti peke yake, bila bamba. Kama s iliharibika baada tu ya bamba kuingia, kosa ni la bamba. Bila rekodi hiyo hutajua.

Kabla ya neno la kwanza kuna majaribio mawili yasiyomaliza dakika moja. Ulimi ukilazwa chini kinywa kikiwa wazi, skrini nzima iwe tupu. Akimeza mate, karibu nukta zote ziwake. Nukta inayowaka daima ina mate yaliyotuama au nyaya zilizogusana. Isiyowaka kamwe ina waya uliokatika. Nukta jirani zikiwaka kwa makundi hata ulimi ukiwa mbali, kiwango cha unyeti kimewekwa juu mno na mate yanaunganisha elektrodi. Kikiwekwa chini mno, kingo za picha zitajaa mapengo. Rekebisha mara moja mwanzoni, andika kiwango hicho, na usikiguse tena katikati ya kipindi, la sivyo nusu ya kwanza na nusu ya pili haziwezi kulinganishwa.

Orodha ya maneno ndiyo inayotofautisha upimaji na maonyesho. Kwa Kiswahili tuna bahati: silabi zetu ziko wazi, na konsonanti tunazozitaka zinakaa kirahisi kati ya irabu mbili, mara nyingi a. Tata, dada, nane, sasa, lala, shashi, kaka, nyanya, ng'ang'ania. Kila neno mara 5 hadi 10, lakini yakichanganywa, yasisemwe kwa mfululizo, maana mtoto akirudia "tata" mara kumi atapata mdundo usiomo katika maongezi yake. Ongeza sentensi chache na kuhesabu moja hadi kumi. Weka pia "kiti" na "kuku". K ya "kiti" huvutwa mbele na i, hivyo mfungo wake, pale ulimi unapoziba hewa, huonekana safu ya 8 au hata ya 7. K ya "kuku" hufungwa nyuma ya ukingo wa bamba, na skrini itaonyesha pande mbili tu zikiwaka bila mstari wa katikati. Huo si upungufu wa mtoto, ni bamba limeishia hapo. Tumeona ripoti zikiandika "k haina mfungo" kwa sababu ya "kuku" peke yake.

Tahadhari nyingine ya kwetu: wasemaji wa Kimvita na Kiamu wana t ya meno na t ya ufizi kama sauti mbili tofauti. T ya meno hugusa mahali ambapo bamba la Reading halina elektrodi hata moja, kwa hiyo safu ya kwanza ikiwa na mapengo usikimbilie kuiita kasoro.

Picha ya kawaida ina sura yake. T ni kiatu cha farasi: safu ya 1 na 2 zimejaa, kingo mbili zimewaka hadi nyuma, katikati peupe. S ni sura hiyohiyo yenye mfereji wa nukta moja hadi tatu mbele. Sh ina mfereji mpana zaidi, umerudi nyuma kidogo. Ny hutandaza ulimi katikati ya kaakaa. A karibu haigusi kitu, i hujaza kingo. Mtu akishazoea sura hizi, picha ya mtoto aliyeshonwa kaakaa humsimulia mengi kabla ya hesabu yoyote.

Mwaka 2004 Fiona Gibbon, mtafiti wa matamshi, alipitia tafiti zilizokuwepo na kupanga miguso isiyo ya kawaida katika aina nane: kugusa kupita kiasi, kurudisha ulimi nyuma, kuupeleka mbele kupita inavyotakiwa, kuziba kabisa, kuacha wazi, kufunga mahali pawili kwa pamoja, kubadilikabadilika, na muda wa mguso kupotoka. Orodha hiyo bado ndiyo tunayoiweka mezani, ingawa aina hizo hazina uzito sawa kwa anayepima.

Ya kufunga mahali pawili ndiyo inayolipa gharama ya kifaa. Ncha ya ulimi inafunga ufizi kama t, papo hapo mgongo wa ulimi unafunga nyuma kama k. Sikio husikia mfungo ulioachiliwa mwisho tu, basi mtoto mmoja anaandikiwa t leo na k kesho, naye hajabadili kitu. Kinyume chake pia hutokea: "tata" na "kaka" zinasikika sawa kabisa, ila skrini inaonyesha kuwa mtoto anazitenganisha kwa namna yake, pengine kwa tofauti ndogo ya safu mbili. Mtoto huyo anajua kwamba ni sauti mbili, na tiba yake haianzii pale inapoanzia ya yule asiyezitenganisha. Tofauti hiyo hutaipata kwa sikio hata usikilize usiku kucha.

Skrini tupu ndiyo inayohitaji akili zaidi. T iliyoacha bamba lote wazi huenda inatamkwa kwenye glota (uwazi kati ya nyuzi za sauti), kooni, nyuma ya ukingo wa bamba, au hata kwa midomo. Kifaa hakisemi ni ipi. Hapo rudi kwenye sikio, tazama midomo, na ukipata nafasi tumia ultrasaundi chini ya kidevu, ambayo huona mgongo na shina la ulimi ingawa ncha mara nyingi hufichwa na kivuli cha taya.

S nayo ina mtego. Skrini inaonyesha ulimi umeziba kaakaa lote bila mfereji, na puani panasikika mkwaruzo wa hewa. Je, hewa inavuja puani kwa sababu kaakaa laini halifungi, au mtoto amejifunza kuziba kinywa na kutoa s kwa pua? Bana pua yake kwa vidole na mwambie aseme "sasa". Ikiwa sauti inakatika kabisa, maana yake kinywani hapakuwa na njia. Ni tabia ya kujifunza na ni kazi ya tiba ya matamshi. Ikiwa s inatoka na pengine inakuwa safi zaidi, basi njia ya kinywani ipo na hewa inavuja kwa tundu au kwa kaakaa laini lisilofika nyuma. Vidole viwili na bamba moja vinatoa jibu ambalo kimoja bila kingine kisingetoa. Wale ambao s yao inaziba katikati na kutokea ubavuni, yenye mlio wa majimaji karibu na l, huonekana vizuri pia, hasa kama upande mmoja wa kingo una pengo la kudumu.

Sasa hesabu. Programu hutoa asilimia ya nukta zilizowaka na kipimo cha kitovu cha mguso: kila safu huzidishwa kwa uzito wake, 0.5 kwa safu ya 8, 1.5 kwa ya 7, hadi 7.5 kwa ya 1, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya nukta zilizowaka. Namba kubwa maana yake mguso uko mbele. Chukua t ya mfano: safu ya 1 na 2 zimejaa, na nukta mbili za kingo katika kila safu kuanzia ya 3 hadi ya 8. Ni nukta 26, asilimia 42, kitovu 5.1. Vizuri. Sasa chukua bamba lililowaka lote: kitovu 3.9. Chukua ulimi uliorudi nyuma na kujaza safu ya 4 na 5 peke yake: 4.0. Chukua ileile t ya mwanzo, ongeza mfungo kamili wa safu ya 7 na 8, yaani mahali pawili kwa pamoja: 3.8. Makosa matatu yasiyofanana hata kidogo, yenye tiba tatu tofauti, yamepata namba ambazo zingepita kwenye jedwali kama jambo moja. Ripoti yenye wastani wa kitovu bila picha za safu 8 irudishwe kwa aliyeiandika. Asilimia husaidia hapa (26 kati ya 62 si sawa na 62 kati ya 62), ila nayo huvurugwa na taya lililobana.

Fremu ya kupimia, yaani picha moja kati ya zile 100 za sekunde, ichaguliwe kwa kanuni iliyoandikwa kabla: ya mguso mkubwa zaidi kwa vipasuo (kama t na k) na nazali (kama n), ya katikati ya mkwaruzo kwa s na sh. Anayechagua fremu kwa macho huishia kuchukua iliyo nzuri au iliyo mbaya zaidi, kulingana na anachotaka kuthibitisha. Na anayeandika alichosikia asikae mbele ya skrini. Ukishaona kiatu cha farasi, sikio litakubali kuwa ni t.

Kuhusu muda, milisekunde 10 kwa fremu zinatosha kwa mfungo wa t, ambao huchukua fremu kadhaa. Mlipuko wa kuachilia wenyewe hupita kati ya fremu mbili, kwa hiyo utafute kwenye wimbi la sauti.

Kifaa hakioni kaakaa laini likifunga au kutofunga. Kwa hilo kuna nasometa (kipimo cha sauti inayotokea puani), kamera ya kupitia puani na eksirei ya video. Hakisemi ni sehemu gani ya ulimi imegusa, ncha au bapa lililo nyuma yake, wala ulimi uko umbali gani pale usipogusa. Kwa mtoto ambaye kaakaa laini halifungi, bamba halina haraka: kwanza daktari wa upasuaji aamue, maana sauti za koo na glota mara nyingi ni njia ya mtoto kutafuta shinikizo pale anapoweza kulipata, na kumfundisha t ya mbele wakati hewa yote inatokea puani ni kumchosha.

Kama tiba, skrini hutumika kumwonyesha mtoto ulimi wake, na watoto wakubwa huipenda. Lakini mapitio ya 2009 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, kuhusu elektropalatografia kwa wenye mpasuko wa kaakaa yalikuta jaribio moja tu la nasibu (watu hugawanywa makundi kwa bahati nasibu), lenye watu sita. Muuzaji anayekuahidi mafanikio ya uhakika anatia chumvi. Sifa tunayoipa ni ya upimaji.

Asiye na uwezo wa kununua bado ana palatografia ya kale. Unga wa mkaa uliosagwa laini na kuchanganywa na mafuta ya kula hupakwa ulimini, neno moja husemwa, kisha kaakaa hupigwa picha kwa kioo cha meno. Inaonyesha jumla ya mguso bila muda, kwa hiyo neno liwe na konsonanti moja tu ya kaakaani, na kinywa kisafishwe kila mara. Mahali penye tundu la kaakaa usiitumie.

Umri wa kuagiza bamba si suala la ujasiri wa mtoto, ni la meno. Vishikio vinahitaji magego imara, na mtoto awe anaweza kukaa na kufuata maelekezo, jambo ambalo kabla ya miaka 6 hivi huwa gumu. Kisha uliza ratiba ya mtaalamu wa kupanga meno. Kama kupanua taya au kupandikiza mfupa wa ufizi, ambako mara nyingi hufanywa kati ya miaka 8 na 11, kumepangwa ndani ya miezi michache, subiri. Bamba ni la kinywa kimoja na la kipindi kimoja. Gego likitoka au taya likisogezwa, bamba halirudi tena mahali pake. Lioshwe kwa maji ya baridi, lilowekwe kwenye dawa inayofaa akriliki, lisichemshwe kamwe, na likaushwe kabla ya kufungwa kwenye kisanduku chenye matundu.

Kielelezo cha plasta kisitupwe. Kabla ya kurekodi mara ya pili baada ya miezi, lirudishe bamba juu yake, kisha kinywani. Likikaa sawa kwenye plasta lakini likacheza kinywani, kinywa kimebadilika, na rekodi mpya haiwezi kuwekwa kando ya ile ya zamani kama kipimo cha maendeleo. Likicheza hata kwenye plasta, bamba limepinda, na kielelezo hicho bado kinaweza kutengenezewa jingine.